Udongo wa Paka Wetu

Paka wetu alipokufa, watu wa Nyarugusu, huku Geita, walinipa pole za kejeli mpaka nikakinai. Unakutana na mtu njiani, anakushika mkono, anakunja uso kama aliyefiwa ni yeye, halafu anauliza, "Eti Fundi, ni kweli mmefiwa na paka?" Ukijibu ndiyo, anageukia pembeni na kucheka puani. Haya, chekeni. Ila ningependa mmoja wenu aniambie: katika nyumba zote zinazotuzunguka, ni ipi ambayo haikuwahi kumwazima paka yule?

Maana mlimwazima, tena bila haya. Mavuno yakishaingia ndani, mahindi kwenye magunia na karanga kwenye viroba, panya nao wanahamia. Hapo ndipo jirani yetu wa nyuma ya uzio wa minyaa alipokuwa anakuja, kanga kiunoni, sauti imelainika, anasalimia kwa Kisukuma. "Mama Paka, mwangaluka. Naomba unisaidie huyo mwenzetu siku mbili tatu, panya wananimaliza." Paka anatiwa kwenye kiroba, anapelekwa, anafanya kazi, anarudishwa amenenepa. Hajapumzika, nyumba ya pili wanamtaka. Kuna msimu alizunguka mtaa mzima kama sufuria kubwa la shughuli, na sisi wenyewe tukawa tunamwona kwa zamu.

Hilo jina la Mama Paka nalo lina habari yake. Huku kwetu mwanamke akishaolewa anaitwa kwa mtoto wake. Mama Fulani. Mwaka wa kwanza watu wanavumilia, wa pili wanaanza kuuliza, wa tatu hawaulizi tena, wanakutazama tumbo. Mke wangu alikaa miaka hana jina, akawa "mke wa Fundi", mpaka siku moja mtu akamwita Mama Paka kisimani na wenzake wakaangua kicheko. Nilipoambiwa nilichukua nyundo, nikataka kwenda kumtafuta aliyesema. Mke wangu akanishika shati. "Acha," akaniambia. "Angalau wameniita mama." Nikaiweka nyundo chini. Ningefanya nini?

Paka alitoka Maganzo, kwa mama mkwe wangu. Mimi mwenyewe ni mtu wa Shinyanga, upande wa Kolandoto, nilikuja huku Geita kufuata kazi ya kuchomelea vyuma. Sichimbi dhahabu, naomba ieleweke hivyo. Natengeneza makarasha, zile mashine za kusaga mawe, maana mawe ya huku yanakula chuma kuliko kutu. Tulipokuwa tunahama, mama mkwe alitupa paka mdogo wa kijivu mwenye milia. Akamfunga ndani ya kiroba asione njia, maana paka akiiona njia atarudi alikotoka. Alilia safari nzima. Abiria wakalalamika, mimi nikajifanya kiroba si changu, mke wangu akakipakata mapajani na kukiimbia polepole mpaka Geita mjini.

Hakuwa paka wa kusifiwa sana. Mwizi wa dagaa, huyo. Ukianika juu ya bati anapanda, ukifunika kwa ungo anausukuma, ukimfokea anakutazama kama wewe ndiye uliyemkosea. Alipenda kulala ndani ya kinyago changu cha kuchomelea nikikiacha kimelala chali kwenye karakana, na kila nilipokivaa manyoya yaliniingia puani nikapiga chafya huku cheche zinaruka. Nilimtukana paka yule zaidi ya binadamu yeyote. Nilimpenda vilevile, na sioni aibu kulisema hilo ingawa mimi ni mwanamume mwenye ndevu.

Ila mwenye paka hasa alikuwa mke wangu. Mimba zetu ziliharibika zaidi ya mara moja. Ya mwisho ilifika mwezi wa nane, tukawa tumeshaanza kuzungumzia majina, kisha mtoto akaacha kucheza tumboni. Hospitali walimtoa hana uhai. Mke wangu alipozinduka na kuuliza, aliambiwa, "Mama, pumzika, tumeshashughulikia." Labda ndio utaratibu wao, labda walimhurumia. Mimi nilikuwa nje na wanaume wengine tuliokuwa tunasubiri, na mimi pia hakuna aliyenionyesha kitu. Tukarudi nyumbani mikono mitupu. Hapakuwa na turubai, hapakuwa na watu wa kukaa nasi, kwa sababu mtoto ambaye hakulia hawekewi msiba. Wanawake wawili watatu walikuja wakasema Mungu atawapa mwingine, wakaondoka kabla chai haijachemka. Jioni hiyo paka alipanda kitandani akalala juu ya tumbo la mke wangu, palepale. Nilitaka kumtoa. "Mwache," mke wangu akasema, na paka akalala pale wiki ile yote.

Kwa hiyo jamani, mkisema "paka tu", mnasema msichokijua.

Alikufa kwa uzee. Meno ya mbele yalishang'oka, miguu ya nyuma ilishakuwa mizito, na asubuhi moja tulimkuta amelala mlangoni pa jikoni, amejinyoosha, baridi. Nikafanya anachofanya kila mtu huku. Nikachukua kiroba nimtie nikamtupe jalalani, kwa sababu paka akifa anatupwa, hakuna aliyewahi kuniambia vinginevyo. Mke wangu akanipokonya kile kiroba.

"Huyu hatupwi. Huyu nitamzika."

"Nyuma ya nyumba?"

"Nyuma ya nyumba, kwenye mpapai, nikifungua dirisha nipaone. Wangu wa hospitali sikupewa nimzike. Sijui alilazwa wapi, au hakulazwa. Huyu nimepewa. Naomba unichimbie."

Hakupandisha sauti. Mke wangu hana tabia ya kuomba, na nilipoona ameomba, nilikwenda kuchukua sururu na chepe. Akamtoa paka jikoni, akamfunga kwenye kitenge chake kizuri, kile cha kijani cha kwendea kanisani. Nilikitazama kitenge, nikashika sururu.

Nikachimba. Jua lilikuwa linawaka, watu wanapita njiani, wala sikujificha, kwani naiba? Nilikwenda chini kidogo kuliko ilivyohitajika kwa sababu mbwa wa mtaa huu ni mabingwa wa kufukua. Chini kule chepe iligonga mawe meupe yenye madoa ya kutu, nikayatoa nikayarusha pembeni. Mawe ya namna hiyo yako kila mahali huku, watoto wanawarushia ndege. Mke wangu akashuka na kitenge chake mikononi, akakilaza, akakaa ukingoni kitambo. Halafu akaitikia kwa kichwa kwamba tayari, nami nikafukia.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu. Nikiwaza mbwa, nilikwenda karakana nikachukua bamba la chuma lililobaki kwenye kazi ya karasha, zito kweli, nikalilaza juu ya lile kaburi dogo na kuweka mawe mawili juu yake. Nikapiga mikono vumbi, nikajiona nimemaliza kazi nzuri.

Mpumbavu mimi! Mtu wa Mwanza au wa Tabora angeona kaburi la paka. Mtu wa Nyarugusu anaona shimo jipya nyuma ya nyumba, mawe meupe yametupwa pembeni, na mdomo wa shimo umefunikwa kwa chuma. Huku, duara, yaani shimo la dhahabu, likianza kutoa mawe ya maana, jambo la kwanza mwenyewe analolifanya, kabla hajamwambia hata mkewe, ni kulifunika. Tena nani anayewachomelea hivyo vifuniko? Mimi! Nimetengeneza vifuniko vya maduara mtaa huu na ule, vingine vyenye komeo na kufuli, nikawakabidhi wenyewe huku wakiniambia "usiseme, Fundi". Halafu naenda kufunika paka kwa mkono wangu uleule na kutegemea watu waone paka.

Jirani wa nyuma ya minyaa alifika kabla sijanawa.

"Poleni, shemeji. Naona mmechimba."

"Tumezika paka."

"Paka!" Akatazama bamba, akatazama mawe meupe. "Yule wa kijivu?"

"Tuna mwingine?"

"Loo, masikini. Alikuwa paka mzuri." Akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa ndala. Alipoinuka, jiwe moja lilikuwa limeingia kwenye pindo la kanga. "Na hilo chuma ni la nini, shemeji?"

"La mbwa."

"Eeh, mbwa," akasema. "Mbwa wasumbufu kweli." Akaondoka haraka kuliko alivyokuja, na mke wangu, aliyekuwa bado amekaa chini ya mpapai, hakupewa hata pole ya mkono.

Kufika jioni nilikuwa tajiri. Muuza mkaa aliniamkia shikamoo, na ana umri wa kunizaa. Vijana wawili ambao siku zote wananiita "wewe Fundi" wakaja kuniita "bosi", wakiomba kama nitahitaji watu wa kushuka. Kushuka wapi? Kwenye paka? Nikawaeleza. Wakasikiliza kwa adabu yote, wakaitikia kwa vichwa, na mmoja akasema, "Sawa bosi, tumekuelewa. Sisi midomo yetu mizito." Kadiri nilivyosema ni paka, ndivyo walivyozidi kuamini kwamba nimegonga mwamba wa dhahabu. Nikikaa kimya, naficha. Nikikasirika, naficha sana. Nikifungua bamba kuwaonyesha, itabidi nimfukue paka, na hilo nilishaapa silifanyi.

Kulipokucha simu ikaita. Kaka yangu, kutoka Shinyanga.

"Mdogo wangu, unanificha mimi?"

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Unanificha mimi, tumbo moja?"

"Kaka, ni paka."

Nikasikia kaka anavuta pumzi kama mtu aliyetukanwa. "Nakuja," akasema, na akaja, na karai lake la kupimia udongo akalibeba ndani ya mfuko wa shuka.

Kaka yangu ni mtu ambaye bahati imempita kushoto na kulia. Amewahi kufukuza almasi Maganzo, amefukuza dhahabu kila palipotangazwa rashi, watu wakikimbilia machimbo mapya, na kila mara amefika watu wakikunja maturubai. Simchukii. Alipoingia kwangu tulimwandalia ugali wa mtama na kuku, akala vizuri, akanawa, akauliza habari za kazi, akauliza habari za mvua. Pole hakutoa. Mke wangu alikaa pale pembeni, macho yamevimba, kaka akampita kwa macho kama anayepita mtungi.

"Haya," akaniambia. "Twende ukanionyeshe."

"Kaka, pale amelala paka wa shemeji yako. Amezikwa. Hakuna kitu kingine."

"Mawe meupe yametoka?"

"Yametoka."

"Yenye kutu?"

"Yenye kutu, kaka, kama mawe yote ya Nyarugusu!"

Akanisogelea, akashusha sauti, ila mke wangu alisikia, nami nilijua anasikia. "Mtoto Mungu amekunyima. Sasa anakuonyesha kitu kingine, wewe unakiwekea paka juu. Una akili kweli?"

Nilisimama. Sijui ningefanya nini, maana kaka ni kaka, lakini mikono ilishakuwa moto. Mke wangu ndiye aliyesema. "Shemeji, pale nimemlaza mtu wangu. Nakuomba pasiguswe." Alisema "mtu wangu", nakumbuka vizuri. Kaka akacheka kidogo, akaniangalia mimi kama vile mimi ndiye ninayepaswa kujibu. Nikamjibu, "Umesikia." Akasema haya, yameisha, leteni chai.

Hayakuisha. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kimelala kwenye chumba cha wageni.

Siku ya tatu yake palitokea msiba upande wa sokoni, mzee wa watu, na msiba ukitokea mnakwenda, hiyo haina mjadala. Usipokwenda kwenye misiba ya wenzako, siku yako utachimba kaburi peke yako. Mke wangu akajifunga kanga akaenda kukaa na wanawake jikoni, mimi nikakaa na wanaume chini ya turubai. Kaka akasema mgongo unamuuma, atabaki aangalie nyumba. Aangalie nyumba!

Nilikaa pale tangu asubuhi nikisikiliza watu wakimlilia mzee, na wallahi nilimlilia na mimi, alikuwa mtu mwema. Lakini moyoni nilikuwa na kero moja haikutoka. Nilimwona mke wangu kwa mbali anachambua mchele na wenzake, anainuka, anabeba maji, anafuta machozi ya mjane wa watu kwa kanga yake mwenyewe. Wale aliokuwa anawafuta machozi ni walewale waliocheka kisimani. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anaendeleaje. Mtu mmoja kando yangu alinigusa bega, akaninong'oneza huku jeneza linapita, "Fundi, ukianza kutoa mawe nikumbuke." Nikamwambia aniondolee mkono wake begani au nitajisahau mbele za watu.

Tulirudi alasiri. Kabla hatujafika mlangoni niliona nyayo za miguu mingi na udongo mwekundu umedondoka njiani, mstari mzima, mpaka barabarani. Mke wangu naye aliona. Akaacha kuzungumza, akaanza kukimbia.

Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo ambalo ungeweza kuegesha bajaji ndani yake. Mpapai umeinama, mizizi nje. Bamba langu limesimamishwa ukutani. Kile kitenge cha kijani kilikuwa kimetupwa kando, karibu na maganda ya ndizi, bado kimefungwa. Na kaka yangu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karai mapajani, matope mpaka kwenye magoti, ananitazama kwa hasira. Yeye ndiye mwenye hasira!

"Ni paka kweli," akasema.

Nikatazama bamba langu pale ukutani.

"Tumechimba mpaka chini kabisa na vijana. Ni paka. Umetupotezea siku nzima. Si ungesema?"

Si ungesema! Nimesikia mengi maishani mwangu, nimewahi kulipuliwa na mtungi wa gesi nikatoka na nyusi zimeungua, lakini neno lile liliniingia kuliko moto. Nilimwambia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake, na siyarudii hapa kwa heshima ya mama yetu aliyetuzaa. Jirani wa nyuma ya minyaa alikuwa amepanua majani anachungulia. Nikampa na yeye lake. Majani yakajifunga.

Mke wangu alikuwa ameshachukua kitenge. Amekipakata, anakipangusa maganda ya ndizi moja moja. Hakulia, na hilo lilinitisha kuliko kama angelia.

"Udongo uko wapi?" akamuuliza kaka.

"Udongo upi, shemeji?"

"Udongo wa humu. Tuliomfunikia. Shimo liko wazi na udongo haupo. Uko wapi?"

Kaka akakwepa macho. Vijana walikuwa wameutia wote kwenye viroba, wakaupeleka kwa pikipiki mwaloni, kule wanakooshea udongo juu ya magunia na maji ili dhahabu, kama ipo, ibaki chini. Hata wa juu, wa kaburi lenyewe, hawakuacha kiganja. Huku hakuna anayeacha udongo wa shimo, hata la choo.

"Nitaleta mwingine," nikamwambia mke wangu. "Uko tele. Nachimba pale kwenye kona, dakika moja tu."

"Sitaki wa kwenye kona," akasema. "Nataka ule. Siku zote wanachukua, halafu naambiwa pumzika. Nenda kaulete."

Nikaenda. Nilitembea kwa miguu kwa sababu pikipiki zote zilikuwa zinashughulika na udongo wangu. Mwaloni palikuwa na watu kama kawaida, wanawake wameinama kwenye makarai, vijana wanamimina ndoo, matope yanatiririka kwenye mtaro. Nikasimama katikati yao nikapiga kelele, udongo wa Fundi uko wapi? Wengine wakacheka. Mwanamume mmoja mwenye buti za mpira, aliyekuwa anaosha, akanionyesha kwa kidole marundo yaliyokuwa kando ya mtaro.

"Uliletwa, umeshaoshwa. Hauna kitu, bosi, hata vumbi."

"Sitaki kitu. Nataka udongo."

"Uliooshwa?"

"Huohuo."

Akanitazama akaona sitanii. Akatazama marundo, akajikuna shavu. "Sasa hapo ndipo kwenye kazi. Leo tumeosha wa watu wengi. Wako ni upi?"

Nilizunguka yale marundo kama mtu anayetafuta ng'ombe wake mnadani. Yote mekundu, yote maji, yote sawa. Niliinama nikashika hili, nikashika lile, kana kwamba mkono wangu utanijulisha. Nikatafuta hata unyoya, nikatafuta uzi wa kijani. Hakuna. Mwisho nilijaza kiroba kutoka kwenye rundo lililokuwa karibu zaidi na alama za pikipiki, na yule bwana wa buti, bila kucheka tena, akanisaidia kukipandisha begani. Maji machafu yakanitiririka mgongoni mpaka nyumbani, na kila niliyepishana naye alitabasamu na kunipa hongera.

Nilipoingia uani kaka alikuwa bado amesimama na karai lake, hajui pa kuliweka. Mke wangu alikuwa ndani ya shimo. Ameshuka mwenyewe, amekilaza kitenge chini kabisa, amekaa pembeni yake na mkono juu. Nikatua kiroba ukingoni.

"Ndio wenyewe?" akauliza.

Njiani kote nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamwangalia pale chini, matope kwenye gauni alilovaa kwenda kuwalilia watu wengine, na neno likagoma.

"Sijui," nikasema. "Wameuchanganya. Nimetafuta, sijui."

Akanyoosha mkono, akachota udongo kiganjani, akaugeuza, akauangalia kwa muda mrefu sana. Kaka akakohoa. Nilidhani ataniambia niurudishe.

"Ni mwekundu," akasema. "Wa mwanangu sijui hata ulikuwa na rangi gani. Mimina."